Kusoma Si Kuhesabu Tamathali

Iko desturi katika madarasa yetu ambayo imeota mizizi hata ikadhaniwa kuwa elimu. Mwanafunzi hupewa ukurasa wa riwaya akaambiwa aichambue lugha yake. Hushika kalamu, akapita katika mistari kama karani wa bandarini apitavyo kati ya magunia: hapa tashbihi, pale istiara, kule takriri. Akiisha kuhesabu hufunga kitabu, na mwalimu humpa alama zake. Mimi ni mmoja wa walimu hao, na nasema waziwazi kwamba kazi hiyo si uchambuzi. Ajuaye majina ya dawa zote za dukani hajawa tabibu.

Chukua *Kusadikika*, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951. Karama ameshtakiwa kwa sababu ataka elimu ya sheria ifundishwe nchini mwake, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Mwanafunzi akifika hapa huandika neno moja, "majazi", kisha huenda zake. Naam, ni majazi. Lakini kazi ndiyo kwanza yaanza. Majina hayo ni ya Kiswahili wazi. Msomaji ayasikiapo hujua mara moja nani mwenye kipawa na nani mwenye kiburi. Mbona baraza lililokusanyika kusikiliza mashtaka halikujua? Mtu aitwaye Majivuno alisimama mbele yao, wakamwita kwa jina lake, na bado wakayapa maneno yake uzito. Mwandishi ametuonyesha watu wasikiao maneno wala wasiyapime. Basi mwanafunzi aandikaye "majazi" na kufunga kitabu ameketi katika baraza lilo hilo.

Sasa nitaungama kosa langu. Darasa langu liliposoma kitabu hiki, msichana mmoja aliandika juu ya jina la nchi yenyewe. Alisema kwamba mtu *husadiki*, lakini jambo *husadikika*. Na neno likivaa umbo hilo, mwenye kusadiki hutoweka. Nchi ile yaelea hewani, akasema, na jina lake halidai kwamba iko. Ladai tu kwamba yaweza kuaminiwa, na humwachia msomaji aamue ni nani wa kuiamini. Nilitazama mwongozo uliokuwa mezani pangu. Jibu hilo halikuwamo. Nikalitia alama ya kosa.

Usiku sikupata raha. Nilikumbuka kwamba kitabu kilitoka wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza, na kwamba dhuluma zilizotajwa katika nchi ya hewani zilifanana mno na dhuluma za nchi kavu. Msichana yule alikuwa ameugusa moyo wa kitabu kwa kutazama silabi mbili tu. Asubuhi nilimrudishia alama zake mbele ya wenzake, nikawaeleza sababu.

Najua nitapingwa. Mmoja atasema kwamba mtihani huuliza majina ya tamathali. Ni kweli, na majina hayo yafaa kujulikana. Fundi asiyejua jina la randa ataiombaje? Lakini hakuna aliyenunua meza kwa sababu fundi alimtajia majina ya vyombo. Mwingine atasema kwamba nikifungua mlango huu, kila mtoto atasoma apendavyo. La, hasha. Msichana yule hakuota ndoto. Alionyesha neno, akaonyesha umbo lake, akaonyesha kazi yake. Asiyeweza kuweka kidole juu ya neno lililomfikisha pale alipofika, huyo na anyamaze asome tena.

Tena jambo hili si la mtihani peke yake. Siku moja, ewe msomaji kijana, utasimama uwanjani umsikilize mkubwa akisema, "Makosa yalifanyika." Litazame neno hilo vizuri. Limevaa vazi lile lile la *kusadikika*: tendo liko, mtendaji hayuko. Mwingine atasema, "Barabara itajengwa," na umati utapiga makofi. Itajengwa na nani? Kwa fedha zipi? Lini? Aliyezoea kuhesabu tamathali hatasikia kitu hapo, maana hapana tashbihi wala istiara. Aliyezoea kuuliza neno limefanya kazi gani, na limemficha nani, atauliza.

Kwa hiyo nawasihi. Kila mwandikapo jina la tamathali, msiweke nukta kubwa. Ongezeni neno "kwa sababu", kisha mwendelee kuandika. Mkikosa la kuongeza, rudini ukurasani msome tena polepole, kwa sauti ikiwezekana. Na sisi walimu tuwe na haya ya kulikata jibu zuri kwa kuwa tu halimo katika mwongozo. Karama alishtakiwa kwa kutaka watu wajifunze. Haifai mashtaka yale yasomwe tena darasani kwa kalamu nyekundu.