Geita haikungoja kadi ya TANU

Kwenye vijiwe vya Katoro, siasa ikipamba moto, kuna madai matatu yasiyokosa msemaji.

La kwanza ni kwamba TANU ndiyo iliyokuja kuwaamsha Wasukuma. Ingewaamsha vipi? Mwishoni mwa 1954 wakoloni walikataa kuandikisha matawi yake Usukumani, na zuio hilo likadumu hadi 1958. Ni katika miaka hiyohiyo watu walipochemka kwa kulazimishwa kupunguza mifugo na kulima matuta. Kisha Geita ikaletewa halmashauri ya mchanganyiko, Wazungu na Wahindi wakapewa viti katika wilaya iliyojaa Waafrika watupu. Mwaka 1958 wananchi waliikataa, wakafunga safari hadi Mwanza kudai wasikilizwe, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi.

Dai la pili: eti walichochewa na wachache? Huo ulikuwa wimbo wa mabwana shauri, na nashangaa kuusikia kwa wajukuu wa waliolengwa. Mfugaji haambiwi na mtu kwamba zizi lake limepungua.

Dai la tatu ndilo linaloniudhi zaidi: kwamba ushirika wa pamba ulikuwa biashara tu. Mkulima alifika kwa mnunuzi, pamba ikawekwa kwenye mizani, akasomewa uzito asioweza kuuhakiki, akalipwa, akaondoka ananung'unika. Wakulima wakaweka watu wao wa kupima upya. Hiyo si siasa? Manung'uniko hayo ndiyo yaliyoupa nguvu umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa uliomkuza Paul Bomani, na Bomani huyohuyo alikuwamo katika chama cha Wasukuma, Sukuma Union. TANU imefungiwa mlango, lakini watu wanakutana, wanachanga, wanachagua viongozi.

Sasa wapo wanaoruka upande wa pili, wakisema basi vikundi vya wanasiasa wakali havina kazi yoyote. Nao nawakatalia. Tazama Zanzibar. Umma Party ya Abdulrahman Babu ilianzishwa 1963, ikapigwa marufuku mwanzoni mwa Januari 1964, na usiku wa mapinduzi Babu mwenyewe alikuwa Dar es Salaam. Umma hawakuyaanzisha. Lakini kulipokucha, serikali mpya ilihitaji watu wenye mafunzo na wenye kujua dunia inavyokwenda, na vijana wa Umma walikuwa tayari. Babu akapewa mambo ya nje. Machi Umma ikajivunja, wanachama wake wakaingia chama cha Afro-Shirazi (ASP).