Majina ya Mitaa ya Berlin na Deni la Kumbukumbu

Mtu anapohamia Ulaya, jamaa zake humuuliza kuhusu baridi na chakula. Mimi, baada ya majuma machache ya kuishi Berlin kwa ajili ya utafiti, jambo lililonigusa zaidi ni vibao vya majina ya mitaa.

Katika eneo la Wedding kuna kitongoji kinachoitwa cha Kiafrika. Mtanzania apitaye hapo hukutana na Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße. Moyo huchangamka kwa kuona majina ya nyumbani, lakini furaha hiyo haidumu. Majina hayo yalianza kuwekwa mwaka 1899, Ujerumani ilipokuwa ikijivunia makoloni yake, na hayakuwekwa kwa ajili ya undugu.

Mwaka 1939, chini ya utawala wa Hitler, barabara moja ya kitongoji hicho ilipewa jina la Carl Peters, yule aliyepita bara letu mwaka 1884 akiwatia machifu saini katika mikataba ya hila, na ambaye Waafrika walimwita Mkono wa Damu. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1986 mamlaka zilitangaza kwamba tangu hapo barabara ile inamuenzi Peters mwingine: Hans Peters, mwanasheria aliyepinga Unazi. Jina la Petersallee halikubadilika hata herufi moja.

Wanaharakati, wakiwamo Waafrika waishio huko, walikataa mchezo huo wa funika kombe. Walibishana, wakaandamana, wakasubiri kesi za wakazi waliopinga mabadiliko zimalizike. Tarehe 23 Agosti 2024, sehemu moja ya barabara ikaitwa Maji-Maji-Allee. Nyingine ikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959 katika maandamano ya kupinga kuhamishwa kwa nguvu.

Ushindi huo ni wa kuheshimiwa, lakini tusiuchanganye na malipo ya deni. Rais Steinmeier aliomba radhi Songea mwezi Novemba 2023. Hata hivyo, dinosauri aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, angali amesimama katika makumbusho ya Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Zito zaidi ni suala la mafuvu ya watu wetu yaliyosafirishwa kama vielelezo vya kisayansi. Kibao kipya hakimzikii mtu babu yake.

Nasi tuna la kujiuliza. Mwaka 2022 nchi yetu iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na mitaa mingi ikapata majina. Ni wananchi wangapi waliketi katika vikao vya kuyachagua? Mtumishi wa umma anayeidhinisha jina la mtaa anaandika historia, hata kama mezani kwake jambo hilo linaonekana kuwa fomu tu ya kujaza. Mwanafunzi anayepita chini ya kibao hicho ana haki ya kuuliza ni nani huyu, na nani aliamua tumkumbuke.

Wakazi wa Berlin walihitaji miaka mingi kuijibu hoja hiyo kwa barabara moja. Sisi tungeanza kuiuliza sasa, majina yetu yangali mapya.