Sava nyingi, mlango mmoja: Funzo la kukwama kwa eCitizen

KUKWAMA kwa mtandao wa huduma za serikali, eCitizen, mwishoni mwa Julai 2023 kuliwaacha wananchi wengi wakiwa hawana la kufanya. Waliotaka pasipoti, leseni za udereva au usajili wa kampuni hawakuweza kuendelea, nayo serikali ikalazimika kuwaruhusu wageni waliohitaji viza za mtandaoni kuzipata baada ya kutua nchini.

Masaibu hayo yalitokea chini ya mwezi mmoja baada ya Rais William Ruto kuzindua zaidi ya huduma 5,000 katika mtandao huo, Juni 30. Aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, Bw Eliud Owalo, alithibitisha kwamba kulikuwa na jaribio la kuulemaza mfumo kwa kuurushia maombi mengi kupita kiasi, ingawa alisema hakuna data iliyopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika.

Tovuti yenye wateja wengi haitegemei kompyuta moja, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Nyuma ya anwani moja huwapo sava kadhaa, na mbele yazo mtambo wa kugawa kazi. Kila ombi linapofika, mtambo huo hulielekeza kwa sava isiyolemewa. Aidha, huzikagua sava zote kila baada ya muda mfupi, na iliyozimika huacha kutumiwa kazi hadi ipone.

Ni mithili ya afisa anayesimama mlangoni pa Huduma Centre katika jengo la GPO, Nairobi, akiwaelekeza wananchi kwenye madirisha yenye foleni fupi. Dirisha moja likifungwa, mengine huendelea kuhudumu.

Hata hivyo, mpango huo una mipaka yake. Kwanza, kugawa mzigo si kuchuja. Maombi bandia yakimiminika kwa mamilioni, mgawaji asiye na chujio atayasambaza kwa sava zote, nazo zitazama pamoja. Pili, madirisha yawe 10 au 100, iwapo yote yanategemea kabati moja la faili, foleni itahamia kwenye kabati. Tatu, mgawaji mwenyewe akikosa msaidizi, kuanguka kwake ni kuanguka kwa wote.

Kampuni ya Safaricom, yenye makao makuu kando ya barabara ya Waiyaki Way, Westlands, imelazimika kulizingatia suala hili kwa miaka mingi. Mitambo ya M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka wa 2007, ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka wa 2015. Mnamo Septemba 2025, kampuni hiyo ilihamia mfumo mpya unaoweza kushughulikia miamala 6,000 kwa sekunde, huku vituo zaidi ya kimoja vikifanya kazi kwa wakati mmoja badala ya kimoja kukaa kikisubiri kingine kizimike.

Kwa upande wa serikali, mwelekeo umekuwa kukusanya kila kitu mahali pamoja. Malipo ya huduma zake yaliagizwa kupitia nambari moja ya Paybill, 222222. Sababu zake zina uzito: mlango mmoja huwanyima mawakala nafasi ya kula hongo, na mapato huonekana. Lakini mlango huo huo ukifungwa, wote hubaki nje.

Isitoshe, si kila mafuriko huletwa na wahalifu. Kila mwaka, walipa ushuru wengi husubiri hadi siku za mwisho kabla ya Juni 30 ndipo wawasilishe taarifa zao kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA). Msongamano wa aina hiyo unajulikana mapema, hivyo kuuongezea sava kabla ya siku yenyewe ni jambo linalowezekana.

Ni bayana, basi, kwamba suluhu haimo katika mashine pekee. Panahitajika chujio mbele ya mgawaji, hifadhi ya data iliyo katika vituo viwili au zaidi, na utaratibu wa karatasi unaoweza kutumika papo hapo mtandao unapozimika. Zaidi ya yote, mwananchi aliyechelewa kwa sababu mfumo ulikwama hafai kutozwa faini. Serikali inayomlazimisha kupitia mlango mmoja ndiyo yenye wajibu wa kuhakikisha mlango huo u wazi.