Meno ya Juu Kwanza

Mwezi huu naandika nikiwa Same mjini, na wenyeji mnajua hali yake: vumbi na upepo huku chini, na huko juu milima ya Upare imejifunika ukungu kana kwamba ni nchi nyingine.

Nimepata barua ya mama mmoja wa Hedaru. Mwanawe yuko kidato cha sita, anasoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Alipokuja likizo, jioni moja baada ya sala ya familia, alisema kwamba sayansi na Biblia haziwezi kuwa kweli zote mbili, na kwamba yeye ameanza kuona ni ipi. Baba yake aliinuka mezani. Tangu siku hiyo kijana amekatazwa kuongoza sala mbele ya wadogo zake, naye ameacha kabisa kwenda kanisani. Mama anauliza: "Nisimame upande wa nani? Nikimtetea mtoto, mume wangu ananiona sina imani. Nikinyamaza, nampoteza mtoto."

Nimeisoma barua hii mara tatu. Nikiri kwamba mwanzoni nilitaka kumjibu kwa maneno mawili, kwamba vijana wakisoma sana husema mengi, yatapita. Lakini hilo si jibu. Wengi wetu tunadhani ugomvi wa imani na sayansi ni mambo ya Wazungu, ya akina Galileo na Darwin. La hasha. Kwetu sisi ugomvi huo umekaa mapajani mwa mama, pamoja na mtoto. Hebu niwasimulie.

Mwaka 1989 nilikuwa nimeolewa Mbaga, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi saba. Asubuhi moja nikimnyonyesha nilihisi kitu kigumu. Nikapitisha kidole kwenye ufizi, nikakuta jino limechomoza. Limechomoza juu. Chini hapakuwa na kitu. Mimi nilikulia Moshi mjini, sikujua lolote. Nikakimbia kwa furaha kumwonyesha mama mkwe. Alitazama, akavuta kanga yake, akamfunika mtoto mdomo. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, usimwonyeshe mtu yeyote. Mpaka ya chini yatoke."

Wale mliozaliwa milimani mmeshaelewa. Mtoto wa namna hiyo Kiswahili kinamwita kigego, na kuwa na neno lake pekee katika lugha kunaonyesha kwamba hofu hiyo haikuwa ya Wapare peke yao. Zamani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu alihesabiwa kuwa na mkosi utakaoangamiza ukoo. Hakuachwa aishi. Pale Mbaga upo mwamba uitwao Malameni, ambao siku hizi wageni hupelekwa kuutazama, na inasimuliwa kwamba watoto waliodhaniwa kuwa na laana walitolewa hapo mpaka miaka ya 1930. Mmisionari Mjerumani Jakob Dannholz, aliyeishi Mbaga mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kitabu juu ya laana na baraka katika maisha ya Wapare, kwa hiyo mambo haya hayakuwa siri hata kwa wageni.

Sasa mjue kwamba mama mkwe wangu hakuwa mtu wa giza. Alikuwa amebatizwa, mke wa mzee wa kanisa, na nyimbo za kitabuni alizijua bila kutazama. Kila alfajiri nilimsikia akitaja majina yetu mmoja mmoja katika sala. Na bado kwa wiki mbili hakumshika mjukuu wake. Alikuwa akimwombea, lakini hakumshika.

Ilipofika siku ya kliniki, alisema atanisindikiza. Nadhani alitaka kuhakikisha kwamba sitamfunua mtoto njiani. Nesi alipomfungua mdomo ili atazame, mama mkwe akageuka ukutani. Nesi yule, mama wa makamo, aliandika uzito kwenye kadi, kisha akasema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Huyu ameanza na ya juu. Wapo." Akatueleza kwamba kwa kawaida meno mawili ya chini mbele hutangulia, mara nyingi karibu na mwezi wa sita hadi wa kumi, na ya juu hufuata baadaye kidogo, lakini mpangilio huo si sheria. Wapo wanaobadilisha zamu, wapo wanaochelewa mpaka baada ya mwaka, na wachache sana huzaliwa na jino tayari. Haina maana yoyote, akasema, ni kama vile mtoto mwingine asivyotambaa bali anasimama moja kwa moja.

Mama mkwe aliuliza swali moja tu: "Hata wale wa zamani?"

Nesi akasema, "Hata wale wa zamani, mama."

Tulirudi kwa miguu bila kuzungumza. Tulipofika nyumbani alimtoa mtoto mgongoni kwangu, akakaa naye kwenye kigoda, akalia kwa namna ambayo sijapata kuiona kwa mtu mzima. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa na mdogo wake wa kiume. Alikuwa msichana mdogo siku walipomchukua. Miaka yote hiyo aliishi kwa kuamini kwamba ilikuwa lazima, kwamba mama yake hakuwa na njia nyingine, kwamba ukoo uliokolewa. Na nesi mmoja kwa sentensi moja alikuwa amemwambia kwamba mdogo wake alikufa bure.

Nimelifikiri jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini. Mara nyingi tunapomwona mtu anakataa elimu tunamwita mkaidi au mshamba. Huenda akilini mwake anajua kwamba akiikubali, kuna kaburi fulani atalazimika kulitazama upya. Mama aliyempeleka mtoto kwa mganga badala ya hospitali na mtoto akafa, unafikiri ni rahisi kwake kukubali kwamba ilikuwa malaria tu? Wewe unayemfundisha, mfundishe polepole.

Jambo la pili nililojifunza ni hili. Mtu anayeamini kwamba kila mtoto ni wa Mungu alikuwa na sababu ya kukataa kuua kigego hata kabla hajajua chochote kuhusu meno. Elimu ya meno haimwambii mtu kwamba mtoto anastahili kuishi. Hilo linatoka kwingine. Lakini imani ya mama mkwe, pamoja na ukweli wake wote, haikumwondolea hofu. Ilimzuia kutenda ubaya, ikamwacha anatetemeka. Kilichomlegeza ni nesi na kadi yake ya kliniki. Kwa hiyo watu wanaponiuliza ni kipi kilichomwokoa mwanangu, imani au sayansi, siwezi kuvitenganisha, wala sioni faida ya kujaribu.

Msiseme hayo ni ya kale. Tangu miaka ya 1980 nchi yetu imekuwa na habari ya meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni. Mtoto mchanga anahara, ana homa, jirani anamfungua mdomo, anaona kijivimbe cheupe kwenye ufizi, anasema ndiyo hayo. Anapelekwa kwa mtu anayeyachimba kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kile kijivimbe ni mbegu ya jino la kawaida, mara nyingi chonge, ambalo bado liko chini ya ufizi. Linang'olewa changa na laini, ndiyo maana wanaliita plastiki. Mtoto anapoteza damu, anaweza kupata pepopunda, au vijidudu vikaingia katika damu, na wako waliokufa. Aliyenusurika anaweza kuota meno ya ukubwani yaliyopinda, au asiote kabisa mahali pale. Wakati huo wote kuhara hakujatibiwa. Mama, mtoto akihara mnyonyeshe zaidi, mpe maji ya ORS, na ukiwa huna pakiti yake, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe. Usizidishe chumvi. Kisha mpeleke zahanati, wakampe na vidonge vya zinki. Akiwa amelegea, macho yameingia ndani au kinyesi kina damu, usingoje kuche.

Nimewasikia akina mama wa vikundi vya sala wakishauriana kuhusu meno ya plastiki huku Biblia zimo mikobani. Hapo ndipo ninapoona kwamba mjadala huu si wa wasomi peke yao. Tukisema sayansi ni adui wa Mungu, nafasi inayoachwa wazi haijazwi na Mungu. Inajazwa na yule mwenye spoku.

Mtakumbuka mwaka 2011, nusu ya nchi ilipoelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyesema Mungu alimwonyesha mti wa mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500. Walikwenda wakulima na walikwenda mawaziri. Foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi, na magazeti yaliripoti wagonjwa waliofia njiani. Mimi simhukumu mzee yule, ambaye alifariki Julai 2021; bei ile si ya mtu anayetafuta utajiri kwa haraka. Lakini swali la akina mama lilikuwa moja: nikishakunywa kikombe, niache vidonge vya kisukari? Niache dawa za kupunguza makali ya UKIMWI? Kuna waliodhani kuendelea na vidonge ni kumwambia Mungu kwamba hawamwamini. Na miaka ya 2020 na 2021, wakati wa korona, swali hilohilo lilirudi likiwa limevaa barakoa.

Someni 2 Wafalme sura ya 20. Mfalme Hezekia anaugua karibu na kufa. Anageukia ukutani, analia, anaomba. Mungu anamsikia, anamwongezea miaka kumi na mitano. Mtu angetegemea habari iishie hapo. Lakini Isaya, nabii aliyeleta jibu hilo kutoka kwa Mungu mwenyewe, anaagiza waandae mkate wa tini wauweke juu ya jipu. Hezekia hakuambiwa kwamba dawa ile inapunguza imani yake. Na Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamtaja katika Wakolosai kuwa ni tabibu.

Sasa nirudi Hedaru. Mama, usichague upande. Mwulize mwanao kwanza ni nini hasa kilichomsumbua, maana vijana husema "sayansi" wakati mwingine wakimaanisha "baba hanisikilizi". Ikiwa ni habari za uumbaji, mwambie kwamba wako Wakristo wengi, wasomi na wasiosoma, wanaosoma Mwanzo kwa namna tofauti na bado wanashiriki meza moja ya Bwana. Mwulize katika somo la Biolojia walimfundisha nini kuhusu Gregor Mendel na njegere zake. Atakueleza kwa madaha. Kisha mwambie kwamba Mendel alikuwa mtawa, na majaribio yale aliyafanya katika bustani ya monasteri yake miaka ya 1850 na 1860. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji naye, mwaka 1927, ndiye aliyeandika kwamba ulimwengu unatanuka. Hawa hawakuona haja ya kuvua kanzu ili wafikiri.

Tena mwombe akueleze selimundu kwa kutumia hizo njegere. Baba na mama wote wakiwa na chembe hiyo, hata kama wao hawaugui, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Mwombe awaeleze wenzio wa jumuiya siku moja, kwa Kiswahili chepesi. Ni mara ngapi tumeona mama mkwe au wifi akinyoshewa kidole cha uchawi kwa sababu ya watoto wanaougua mifupa na kuishiwa damu? Kijana wako ana kitu ambacho mchungaji wenu hakukisomea, na wanawake wa Hedaru wanakihitaji.

Kwa baba yake, neno langu ni fupi, maana najua wanaume hawapendi kufundishwa na majarida ya wake zao. Kijana aliyesema shaka yake mezani, mbele yako, bado anataka umjibu. Mrudishie zamu yake ya kuongoza sala, hata kama ataomba kwa kusitasita. Akikataa, akae tu nanyi.

Mama mkwe wangu alifariki mwaka 2003. Mjukuu aliyemficha chini ya kanga alilibeba jeneza upande wa mbele. Yeye sasa ni mwalimu wa hisabati, na juzi alinipigia simu usiku: mtoto wake ana miezi minane, jino la kwanza limetoka. Nikamwuliza, la wapi? Akacheka sana, hakunijibu. Nitakwenda mwenyewe Jumamosi nikalione.