Miaka Minane kati ya Shaba na Dhahabu

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Felix Simbu alimaliza marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Muda huohuo aliandikiwa Mjerumani Amanal Petros. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe ndipo ikabainika kuwa Mtanzania ametangulia kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, na Arusha, ambako Simbu hufanyia mazoezi, ilikuwa na haki ya kushangilia.

Hata hivyo, mhudumu wa afya ana sababu ya kutazama zaidi ya sekunde hizo. Simbu, mzaliwa wa Singida mwaka 1992, alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2017 alipata shaba ya dunia jijini London. Alikuwa wa saba katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, akapata fedha ya Jumuiya ya Madola mwaka 2022 huko Birmingham, akawa wa 17 Paris mwaka 2024, kisha wa pili Boston mwezi Aprili 2025. Kutoka shaba hadi dhahabu ilipita miaka minane. Kipaji pekee hakimfikishi mtu huko. Unahitajika mwili uliotunzwa hadi umri wa miaka 33.

Hapo ndipo penye hoja. Alfajiri yoyote, katika barabara za vumbi za Ngaramtoni na Sakina, vijana hukimbia kwa makundi huku Mlima Meru ukiwa nyuma yao. Wengi wao hawana daktari wa timu. Daktari wao ni muuzaji wa duka la dawa, na tiba yao ni vidonge vya diklofenaki vinavyomezwa ili mazoezi ya kesho yasikatike. Kazi ya kulinda maisha yao ya riadha imeangukia zahanati na vituo vya afya, navyo havijaipokea.

Mfano wa kwanza ni maumivu ya mfupa. Kijana anayelalamika kuumwa muundi, mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole, na ambaye sasa anaumwa hata akiwa amelala, huenda ana ufa mdogo uliotokana na mkazo wa kujirudia. Picha ya eksirei katika wiki mbili au tatu za mwanzo mara nyingi huonekana safi. Kumwambia kwamba hana kitu kwa sababu picha haina kitu ni kumrudisha barabarani akavunjike kabisa. Anachohitaji ni kupumzika kukimbia kwa wiki kadhaa, mara nyingi sita hadi nane, na kurudi polepole. Vidonge vya maumivu huficha onyo la mfupa, na kwa mtu aliyepungukiwa maji baada ya mbio ndefu vinaweza kudhuru figo.

Mfano wa pili unawahusu wasichana. Mkimbiaji ambaye hajaona hedhi kwa miezi mitatu hapaswi kupongezwa kwa kuwa mwepesi. Baada ya kupimwa ujauzito, aulizwe anakula nini na mara ngapi. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoifanya huanza kubana matumizi: hedhi husimama, na mifupa hudhoofika katika umri uleule ambao ingepaswa kujijenga.

Wa tatu ni damu. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wakimbiaji hupanda juu zaidi kwenye miteremko. Hewa inapokuwa nyepesi, figo hutoa homoni inayohimiza uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu. Kazi hiyo haiwezekani bila madini ya chuma. Loshoro na makande ni vyakula vya heshima, lakini sahani ihitaji pia dagaa, nyama au maini kila inapowezekana, na chai isinywewe pamoja na mlo kwa sababu hupunguza ufyonzaji wa madini hayo.

Meru ina jambo jingine la pekee. Maji ya maeneo mengi ya miteremko yake yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ni alama inayoonekana. Mifupa na viungo huathirika kimyakimya kwa miaka. Anayempima mkimbiaji mwenye maumivu ya muda mrefu amtazame meno, amuulize maji ya kwao yanatoka wapi.

Wapo watakaosema kwamba zahanati yenye foleni ya wajawazito, wagonjwa wa kisukari na watoto wenye homa haina nafasi ya wanariadha. Hoja hiyo ina uzito, lakini haisimami. Maswali yaliyotajwa hapa hayagharimu kitu, na maarifa hayohayo humfaa mama anayebeba ndizi kichwani hadi sokoni na kijana anayebeba zege. Tena magonjwa ya foleni ileile huwapata mabingwa. Filbert Bayi wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alikuwa ameugua malaria kabla ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, michezo ambayo Tanzania iliisusia. Afya ya bingwa na afya ya kijiji hazina mpaka.

Wakimbiaji nao wana wajibu wao. Mficha maradhi kilio humfichua, na kocha anayesikia habari ya maumivu mapema hupoteza wiki chache tu za mazoezi, si mwanafunzi wake. Mhudumu naye asitoe amri ya kuacha kukimbia kana kwamba mbio ni anasa. Kwa familia nyingi za Arusha, miguu hiyo ndiyo ada ya shule ya wadogo zake. Mgonjwa akiambiwa aache, hataonekana tena kliniki. Akiambiwa lini na kwa namna gani atarudi barabarani, atasikiliza.

Miongoni mwa vijana wanaopita Ngaramtoni alfajiri huenda yupo mmoja mwenye miaka minane ya subira miguuni. Atahitaji mtu wa kumuuliza, mapema, mahali panapouma.