Nairobi-New York: Kwa nini kwenda ni saa 15, kurudi 14

Mnamo Oktoba 28, 2018, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, aliongoza uzinduzi wa safari ya kwanza ya moja kwa moja ya Shirika la Ndege la Kenya (KQ) kutoka Nairobi hadi New York. Kabla ya hapo, abiria alilazimika kupitia London, Amsterdam au Dubai, na mara nyingi safari ilizidi saa 20.

Umbali wa miji hiyo miwili ni zaidi ya kilomita 11,800 ukipimwa kwa mstari mfupi kabisa, unaokatiza Sudan Kusini, Chad na jangwa la Sahara kabla ya kuingia Atlantiki. Kwenda huchukua takriban saa 15 na kurudi saa 14. Tofauti hiyo hutokana na pepo kali za angani zivumazo kutoka magharibi, ambazo huizuia ndege inapokwenda na kuisukuma inaporejea.

Saa nazo humchanganya msafiri. Anayeondoka Nairobi saa sita usiku wakati wa baridi ya Marekani hutua saa moja asubuhi, kana kwamba amesafiri saa saba tu. Nane zilizosalia huzilipa anaporudi.

Lakini hesabu ngumu zaidi ni ya uzito. Uwanja wa JKIA uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi; mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua ndege na injini nazo hupungukiwa. Joto la mchana huzidisha taabu hiyo, ndiposa kupaa usiku kuna manufaa. Ndege aina ya Boeing 787-8, yenye viti 234, inapojazwa mafuta ya kuvuka Atlantiki, huenda ikalazimika kuacha sehemu ya mizigo. Sehemu ya mafuta hayo huteketea kwa kubeba mafuta mengine. Isitoshe, marubani wanne huhitajika ili wapokezane.

Hapa ndipo mzozo wa bei unapozuka. Wakenya wanaoishi Marekani, nchi inayoongoza kwa fedha zinazotumwa nyumbani, hulalamikia nauli ya safari hii hasa Desemba. Wengi wao huchagua kupitia Doha au Istanbul, wakivumilia saa kadhaa uwanjani mradi waokoe pesa. Shirika nalo haliwezi kupunguza nauli ovyo, kwani kiti kitupu husafirishwa kwa gharama karibu sawa na kilichokaliwa.

Safari hizo, zilizoanza kama za kila siku, zilipunguzwa msimu wa abiria wachache, zikasitishwa Machi 2020 kutokana na janga la corona na kurejelewa Novemba mwaka huohuo. Mwanafunzi au mgonjwa asiyeweza kuhangaika katika nchi ya katikati hana mbadala ulio rahisi.