Fedha za milimani zisiishie hotelini

Watalii wengi wanaosafiri kwa gari kutoka Kampala kwenda kuwaona gorila wa milimani hupitia Mbarara. Mwisho wa safari yao ni Bwindi, msitu wa miinuko uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Ziara za gorila zilianza huko mwaka 1993, na vilima vilivyokuwa pembezoni kabisa mwa nchi vikawa chemchemi ya fedha za kigeni.

Gharama waliibeba wengine. Wabatwa, wenyeji wa msitu huo, waliondolewa, wengi wao bila fidia, na hadi leo wengi hawana ardhi. Hilo ni doa ambalo mapato hayajalifuta. Sheria huzipa jamii jirani asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini. Lakini fedha nyingi zimo katika vibali vya gorila, na humo fungu la wanakijiji ni dogo mno. Liongezwe, na Wabatwa wawe na kauli katika matumizi yake.

Mbarara nayo isibaki kituo cha mafuta na chakula cha mchana. Jirani yake, wilayani Isingiro, ipo Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Vijana wake wanajua Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda, na sheria ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Wafunzwe uongozaji wa watalii na ukalimani pamoja na vijana wa Isingiro. Vyuo vya Mbarara vinaweza kuanza.